Usilime milioni 21 kwenye daftari: panga shamba lako kwa wiki mbili mbili

Leo siji na mbolea wala dawa. Nataka tuongee kuhusu mpango.

Kwa miaka niliyofanya kazi hapa Ukerewe nimeona vijana wengi wakipoteza mtaji shambani, na si wengi walioupoteza kwa sababu ya udongo mbaya. Wengi walikuwa na mpango, tena mpango mzuri, umepigiwa mistari kwa rula. Shida ni kwamba uliandikwa mara moja, ukafungwa, na haukufunguliwa tena mpaka siku ya hasara.

Kijana mmoja alikuja ofisini hapa Nansio na daftari la aina hiyo. Akanipa shikamoo, akakaa, akalifungua mezani.

"Bwana shamba, naomba unikagulie hesabu zangu."

Hesabu zilikuwa safi. Heka moja ya nyanya, nafasi ya sentimita 75 kwa 60, miche 9,000. Kila mche kilo 3, jumla kilo 27,000. Kila kilo shilingi 800. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: shilingi 21,600,000.

Nikamuuliza, "Mtaji unatoka wapi, mdogo wangu?"

"Nimeuza mashine ya boti. Ile ya marehemu baba. Nimepata milioni nne."

Nilinyamaza kidogo. Kwa wewe unayesoma ukiwa mbali na ziwa: kwetu visiwani mashine ya boti ni tegemeo la nyumba nzima. Ndiyo inayokupeleka kwenye dagaa na sangara, ndiyo inayolipa ada za wadogo zako. Ukiiuza, ukalima, ukakosa, ziwani hurudi kama mwenye chombo. Unarudi kuwa kibarua kwenye boti ya mwenzako.

Sikuwa na uso wa kumcheka, maana na mimi nilishawahi kulima kwenye daftari. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikusanya mshahara, nikapanda ekari nzima ya matikiti siku moja. Ratiba ya siku 85 niliibandika ukutani. Siku ya 20 majani yalianza kujikunja, nikasema yatakaa sawa. Siku ya 45 matunda machanga yalikuwa yametobolewa na inzi wa matunda. Nikapulizia kwa sababu ratiba ilisema "kupulizia", si kwa sababu nilijua napulizia nini. Siku ya 80 dalali akaja, akazunguka shamba mikono mgongoni, akaniambia, "Mkubwa, hapa mimi nabeba robo tu."

Kila kosa lilijionyesha wiki ileile lilipotokea. Mimi ndiye sikuwa na siku niliyojitengea ya kulitazama.

Wataalamu wa kompyuta nao walilia kilio hiki

Utashangaa, lakini watu waliolifanyia kazi sana tatizo hili ni waandishi wa programu za kompyuta. Zamani miradi yao mingi ilipangwa kama ujenzi wa nyumba. Kwanza waandike kila kitu mteja anachotaka, kisha wachore, kisha watengeneze, na kujaribu kuwe mwisho kabisa. Mteja anaiona kazi baada ya mwaka au miaka miwili, anakuna kichwa: "Hiki sicho nilichotaka." Wakati huo fedha imekwisha na mahitaji yake yameshabadilika.

Mwezi Februari 2001, watu 17 wa fani hiyo walikutana Snowbird, sehemu ya milimani katika jimbo la Utah, Marekani. Walitoka na ilani fupi tu, na njia yao wakaiita ajaili, maana yake wepesi wa kugeuka. Nikiielezea kwa lugha ya shambani, inasema hivi: watu na mazungumzo yao ni muhimu kuliko taratibu na vifaa. Kitu kinachofanya kazi ni bora kuliko makaratasi mengi. Kushirikiana na mteja ni bora kuliko kuvutana naye kwenye mkataba. Na kuitikia mabadiliko ni bora kuliko kung'ang'ania mpango. Hawakusema mpango hauna maana. Walisema ukigongana na hali halisi, hali halisi ndiyo inayoshinda.

Hawakuanza hewani. Mwaka 1995 Ken Schwaber na Jeff Sutherland walikuwa wameshaitangaza njia inayoitwa skramu, ambapo kazi kubwa hukatwa vipande vya wiki chache, na kila kipande lazima kiishe na kitu cha kuonyesha. Na huko Japani, kiwanda cha magari cha Toyota kilikuwa kikitumia kadi zinazoitwa kanbani kwa miaka mingi. Kadi inaonyesha kazi ipi inahitajika sasa, ili mtu asitengeneze vipuri visivyo na wa kuvichukua. Mwaka 2011 Jim Benson na Tonianne DeMaria Barry walitoa kitabu cha kutumia kadi hizo kwenye maisha ya mtu mmoja, si kiwandani. Sheria zao ni mbili tu: ione kazi yako yote kwa macho, na punguza idadi ya kazi unazofanya kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo sisi tunaingia.

Lakini kwetu jambo hili si geni

Kabla hujasema haya ni mambo ya wazungu na kompyuta zao, kumbuka shamba darasa. Nchini Indonesia wadudu wa mpunga walikuwa wamekuwa sugu, na dawa zilikuwa zinaua wadudu rafiki kuliko maadui. Mwaka 1986 serikali yao ilipiga marufuku dawa 57 kwenye mpunga. Mwaka 1989 yakaanza mashamba darasa ya kwanza, yakisaidiwa na FAO. Wakulima wanakutana kila wiki, wanaingia shambani, wanahesabu wadudu wabaya na wazuri, wanachora walichokiona kwenye karatasi kubwa, wanabishana, halafu wanaamua kazi ya wiki inayofuata. Mwaka 1999 mpango huo ulifika Afrika Mashariki kwa msaada wa FAO na IFAD, na kwa Tanzania ulianzia Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili.

Angalia tarehe. Wakulima wa mpunga walikuwa wanakutana kila wiki, wanatazama na kuamua, miaka 12 kabla ya mkutano wa Snowbird.

Na hapa jirani kuna Ukara. Wakara walijulikana tangu zamani kwa kufuga ng'ombe zizini nyumbani, kuwakatia majani, na kuipeleka samadi yote shambani. Kwenye uwele walipandikiza mimea ya jamii ya marejea ili iwe mbolea ya kijani. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, udongo ni wa kichanga, na bado ardhi imelimwa kizazi hadi kizazi. Sidhani kama kuna mzee aliyekaa akaandika mpango ule wote siku moja. Mambo ya namna hiyo hujengwa kwa kujaribu kidogo, kutazama, kubakiza kilichofaa.

Kwa hiyo ninachokushauri leo ni kuichukua tabia ya shamba darasa, ambayo wengi tunaifanya siku mgeni kutoka mkoani anapokuja, tuifanye kila wiki hata tukiwa peke yetu.

Tulivyoanza na yule kijana

Sikumwambia aache nyanya. Nilimwambia, "Lima robo heka kwanza. Miche 2,250. Na hiyo robo tuigawe mara mbili."

Alinuna. Robo heka ilionekana kama dharau. Lakini kabla ya kitalu nilimpa kazi moja: nenda sokoni Nansio, ongea na wauzaji watatu na mwenye hoteli mmoja, uliza wananunua nini, kiasi gani, siku zipi. Akarudi na jambo ambalo halikuwa kwenye daftari lake. Mwenye hoteli hakutaka kilo elfu moja mwezi mmoja. Alitaka tenga moja au mawili kila wiki, mfululizo. Wauzaji nao walisema hivyo hivyo. Hapo akaelewa mwenyewe kwa nini tupande mara mbili na si mara moja.

Baada ya hapo tukafuata hatua hizi. Unaweza kuzichukua kama zilivyo.

1. Andika lengo kwa sentensi moja, mteja awemo ndani. Si "kulima nyanya". Yeye aliandika: "Kuuza nyanya kila wiki kwa wiki sita, Nansio na Mwanza, bila kutumia zaidi ya milioni moja na laki mbili."

2. Shusha kazi zote kwenye vipande. Kazi moja, kipande kimoja. Alikata boksi la sabuni, akaandika kwa makapeni: kununua mbegu, kuandaa kitalu, kurekebisha pampu, kutafuta samadi, kukata miti ya kuegeshea. Vilifika 38. Kazi isiyoweza kuisha ndani ya siku mbili tatu, ikate tena. "Kuandaa shamba" si kazi moja, ni kazi tano.

3. Tengeneza ubao wenye safu tatu. Ya Kufanya, Inafanyika, Imekwisha. Wa kwake ni mlango wa stoo. Hauhitaji programu ya simu. Ubao mzuri ni ule unaokutazama ukiamka.

4. Safu ya katikati isizidi kazi tatu. Hii ndiyo inayowashinda vijana. Mzunguko wa kwanza alijaza tano: pampu, kitalu, samadi, fito, na kufuatilia deni la mtu. Wiki nzima ikapita, hakuna kilichovuka kwenda Imekwisha. Pampu ilikuwa imefunguliwa, samadi imefika nusu, fito zimekatwa hazijasombwa. Kazi tano zilizo nusu hazilishi mtu. Alipobaki na tatu, zikaanza kuvuka.

5. Chagua kazi za wiki mbili tu. Ukiwa na vipande 38, usivibebe vyote. Chukua vile unavyoamini vitaisha ndani ya wiki mbili. Mwisho wa mzunguko hesabu vilivyoisha. Kama ulipanga 10 vikaisha sita, basi kasi yako ni sita. Mzunguko ujao panga sita au saba, usijidanganye na 12. Ukijua kasi yako, unaweza kumwambia mnunuzi tarehe ya kweli.

6. Asubuhi simameni dakika kumi. Kama una vibarua au ndugu mnaosaidiana, simameni chini ya mti, jembe mkononi, kila mtu aseme: jana nilifanya nini, leo nafanya nini, kitu gani kinanikwamisha. Msikae. Mkikaa, mtaanza mpira.

7. Kila Jumapili jioni ingia shambani, kisha kaa na daftari. Maswali ni matatu: nini kimeenda vizuri, nini kimeharibika, wiki hii tunabadilisha kitu gani kimoja. Kimoja tu. Ukibadilisha vitu vinne kwa pamoja, hutajua kipi kilichosaidia. Mwisho wa wiki mbili unafunga mzunguko na kupanga mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata hilo daftari, usipolifungua Jumapili, halikusaidii.

Neno "imekwisha" lina maana gani?

Hapa naomba utulie kidogo, maana ndipo fedha nyingi huvujia.

Muulize kijana, "Umepulizia?" Atakujibu, "Tayari, bwana shamba." Anamaanisha bomba limeoshwa na limetundikwa. Lakini wadudu je? Kazi ya kupulizia haijaisha siku uliyopulizia. Inaisha siku ya tatu, uliporudi, ukageuza majani, ukahesabu, ukaandika.

Kwa hiyo kabla ya kuanza kazi, andika nyuma ya kipande chake ni dalili gani itakuonyesha kwamba imekwisha kweli. Kitalu kimekwisha pale ambapo miche iliyo hai imehesabiwa, si pale mbegu zilipoingia ardhini. Kuvuna kumekwisha pale fedha iko mkononi, si pale matenga yamefungwa. Kumwagilia kumekwisha pale ukichimba kidole kwenye shina unakuta unyevu.

Yule kijana alibishana na mimi juu ya hili wiki mbili nzima. Halafu nyanya zikamfundisha.

Kilichotokea shambani

Kitalu cha kwanza, kinyausi kilikula theluthi ya miche. Ilikuwa inaangukia shingoni, kama imekatwa kwa wembe. Jumapili tukatazama: mbegu zilibanana, na alikuwa anamwagilia asubuhi na jioni. Kitalu cha pili, wiki mbili baadaye, alipanda kwa mistari, akabadilisha udongo, akamwagilia asubuhi tu. Nakubali, hapo alibadilisha vitu vitatu na mimi nilikuwa nimesema kimoja. Kwenye ugonjwa wa kitalu sikuwa na moyo wa kumzuia. Lakini fikiria angekuwa ameweka mbegu zote chotara za ekari nzima kwenye kitalu kile cha kwanza.

Mzunguko wa tano, kantangaze. Mdudu huyu wa nyanya aliingia nchini mwaka 2014, na mkulima wa nyanya asiyemjua bado hajalima. Tulikuwa tumeweka mtego wa harufu, na kazi ya kila Jumapili ilikuwa kuhesabu vipepeo. Wiki ya kwanza wawili, ya pili watatu, ya tatu 11. Siku hiyo hiyo tukageuza majani, tukakuta mistari ya mwanzo ya viwavi. Akakata majani yaliyoshambuliwa, akayafukia, akapulizia dawa ya kundi tofauti na aliyotumia mwanzo, siku ya tatu akarudi kuhesabu. Hasara ilikuwepo, lakini ndogo. Kwa ratiba yake ya zamani, siku ya kupulizia ilikuwa bado siku tisa mbele.

Mavuno ya kwanza sikumruhusu apeleke yote Mwanza. Nikamwambia tuma matenga matano, na wewe upande nayo meli. Alivyofika, moja lilikuwa limelainika, maji yanachuruzika. Alikuwa amechuma zilizoiva nyekundu, akisahau kupakia, saa za ziwani, kushusha, mkokoteni, na kusubiri mnunuzi. Somo likaandikwa mlangoni: za Mwanza chuma zikianza kugeuka rangi, za Nansio chuma nyekundu. Lilimgharimu tenga moja. Angepakia 40, lingemgharimu nane.

Sasa hesabu, maana najua ndiyo unayoisubiri. Awamu ya kwanza alipata matenga 38, kwa wastani wa shilingi 22,000. Hiyo ni 836,000. Awamu ya pili alipata 52, lakini bei ilikuwa imeshuka mpaka 17,000. Hiyo ni 884,000. Jumla 1,720,000. Gharama zote 1,050,000. Kilichobaki ni 670,000.

Si milioni 21. Si hata robo yake. Daftari lilisema kila mche kilo 3. Kwa tenga la kilo 40, shamba lilisema kilo 1.6. Daftari lilisema bei ni 800 msimu wote. Soko lilianza na 550 kwa kilo, likashuka mpaka 425.

Tuchukue namba hizo za kweli tuziweke kwenye ekari nzima iliyopandwa siku moja, na kinyausi kile, na matenga yote kuingia sokoni wiki mbili zilezile. Gharama ingekula ile milioni nne yote ya mashine ya baba. Mapato sitaki kuyakisia. Kwa robo ekari, alilipia masomo yote yale na bado alikuwa na karibu milioni tatu benki ambazo hazijaguswa.

Mahali ambapo njia hii haifai

Sitaki uondoke ukidhani nimekupa dawa ya kila ugonjwa.

Kwanza, mimea ina siku zake. Nyanya haziharakishwi na ubao. Machungwa yetu ya Ukerewe yanataka miaka kadhaa kabla hujachuma la maana. Kwenye miti, kila wiki mbili unavuna taarifa tu: mingapi imeshika, mingapi ina wadudu chini ya majani. Mahindi ya mvua nayo, mvua za vuli zikianza, hupandi vipande vipande miezi miwili. Hapo cha kufanya ni kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ule wa msimu na ule wa siku 10, na kuwa tayari.

Pili, kupanda kwa awamu kuna hatari yake. Shamba la zamani linaweza kuwa kiwanda cha wadudu kwa shamba jipya. Weka awamu ya pili mbali kidogo na upande upepo unakotoka, na ukimaliza kuvuna awamu ya kwanza ng'oa masalia uyafukie siku hiyo, usiyaache yakauke polepole huku kantangaze wakihama.

Tatu, kubadilika si kuyumba. Kuna kijana leo anasoma kwenye simu kwamba vitunguu vina bei, kesho anang'oa nyanya. Ukishaanza mzunguko, umalize. Mabadiliko yanaingia mwisho wa wiki mbili, isipokuwa dharura: wadudu wameruka ghafla, pampu imekufa, meli haitembei. Na kuna mambo hayajadiliwi kamwe. Siku za kusubiri kati ya kupulizia dawa na kuvuna hazipunguzwi kwa sababu bei imepanda.

Nne, mkopo wenye tarehe ya marejesho haujui mzunguko wako. Ukikopa, panga mizunguko yako kurudi nyuma kutoka tarehe ya rejesho la kwanza, si kutoka siku uliyopokea fedha.

Si shamba tu

Kuna dada mmoja analima mchicha na chainizi, nje ya zile mita 60 za ufukweni ambazo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazilinda. Lengo lake la mwaka lilikuwa kununua pampu ya petroli. Miaka miwili mfululizo aliliandika tarehe 1 Januari, na miaka miwili mfululizo fedha ikaenda kwenye msiba, ada na kodi ya nyumba.

Tukalikata. Wiki mbili za kwanza: weka 20,000, na uulize bei maduka matatu. Wiki mbili za pili: weka 20,000, na uandike siku ngapi ulikosa mboga za kuuza kwa sababu ya maji. Wiki mbili za tatu: kodi pampu siku mbili, uone inabadilisha nini. Mwisho wa mzunguko wa tatu akaniambia, "Bwana shamba, mimi sihitaji pampu. Nahitaji maji miezi mitatu ya kiangazi." Akawa anakodi. Fedha aliyokuwa amejiwekea akainunulia mbegu bora na ndoo za kusafirishia.

Lengo lake lilibadilika, lakini halikubadilika kwa kukata tamaa. Lilibadilika kwa sababu alikuwa na namba za mizunguko mitatu mkononi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuacha lengo na kulirekebisha. Unaweza kufanya hivyo kwa leseni ya udereva, kwa kujenga chumba kimoja, hata kwa kumaliza deni la VICOBA.

Kazi ya Jumapili hii

Usisubiri msimu. Jumapili hii chukua boksi, kata vipande, andika kazi zote ulizonazo kichwani, za shamba na za nyumbani. Chora safu tatu mlangoni. Weka tatu tu katikati. Zunguka shamba lako bila jembe wala bomba, macho tu, na daftari. Halafu ujibu yale maswali matatu, uandike badiliko moja. Wiki mbili baadaye fanya tena. Ukikwama, ofisi yangu unaijua. Njoo na ubao wako, hata kama ni picha kwenye simu.

Yule kijana alipita wiki iliyopita. Anapanda nusu ekari msimu huu, kwa awamu tatu, na yule mwenye hoteli ameshamwambia atachukua matenga mawili kila Ijumaa. Daftari lake bado analo. Ile namba nyekundu ya milioni 21 hajaifuta. Nilimuuliza kwa nini, akacheka.

"Naiacha hapo bwana shamba. Kila Jumapili naanzia ukurasa unaofuata."